Anayengoja Hakulala

Waongoza watalii wa Tanzania na Kenya wana orodha mbili vichwani. Ya kwanza ni ya wanyama wakubwa watano: simba, tembo, chui, nyati na kifaru. Ya pili ilizaliwa kama mzaha juu ya ile ya kwanza, nayo ni ya wadogo watano. Humo yumo mdudu wa mchangani aitwaye simba-sisimizi. Gari husimama, fimbo huelekezwa kwenye kishimo chenye umbo la faneli kando ya njia, na wageni huelezwa kwamba humo chini kuna buu anayengoja sisimizi aanguke. Picha zinapigwa, gari linaondoka. Maelezo hayo ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba yanakomea njiani.

Na hapo yanapokomea ndipo maoni ya watu wengi yalipojengwa. Mtu wa kawaida humwona mdudu huyu kuwa mvivu mwenye bahati: kachimba mara moja, kakaa, riziki inamfuata mdomoni. Aliyesoma kidogo humpa heshima ndogo zaidi: kwake huyu ni mfano wa silika tupu, mtambo wa nyama usiojifunza wala kubadilika. Na wote wawili huafikiana kwamba ukimjua mmoja umewajua wote, kwa kuwa kazi yao ni hiyohiyo moja. Maoni haya matatu yamezoeleka hata hakuna anayeyadai ushahidi. Mimi naudai, na nasema haupo.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao, maana hawasemi kutoka hewani. Buu huyu hutumia nguvu kidogo mno, na anaweza kukaa miezi bila kula asife. Wale wachimbao mashimo hawawezi hata kutembea kwenda mbele. Mwendo wao ni wa kinyumenyume tu. Ukimfukua na kumweka kiganjani hukakamaa kama kipande cha kijiti. Mtu akimtazama kwa dakika mbili, ni halali yake kusema kwamba ameona kiumbe aliyelala. Lakini dakika mbili hazitoshi kumhukumu yeyote.

Tuanze na shimo lenyewe. Watu husema "anachimba shimo" kana kwamba jambo lote ni kufukua. Kabla ya kufukua kuna kuchagua. Tafuta mashimo haya utayaona chini ya upenu wa nyumba, kwenye mizizi ya mbuyu, chini ya mwamba ulioinama, mahali ambapo mvua haifiki na mchanga ni mkavu daima. Mchanga ukilowa hushikamana, na shimo lisiloporomoka halinasi chochote. Mwaka 2006 watafiti wawili, Inon Scharf na Ofer Ovadia, waliziweka pamoja tafiti nyingi kuhusu namna mabuu haya yanavyochagua mahali na yanavyopahama. Orodha ya mambo yanayohusika si fupi: kivuli, aina ya udongo, chakula, usumbufu, na wingi wa majirani. Huyo anayeambiwa kakaa tu, amekaa baada ya mambo hayo yote kumsukuma huku na kumvuta kule.

Kisha kazi inaanza. Mdudu anarudi nyuma, ncha ya tumbo ikipasua mchanga kama jembe, huku akichora duara pana. Kichwa chake ni bapa, na pamoja na zile taya ndefu kinakuwa sepetu: mchanga unapandia juu yake, shingo inafyatuka, mchanga unaruka nje. Akimaliza mzunguko mmoja anaingia wa ndani yake, kisha wa ndani zaidi, akizama kadiri anavyozunguka mpaka afike katikati. Mwaka 2019 Nigel Franks na wenzake wa Uingereza walieleza kwa nini mzunguko huo una faida kuliko kuchimba wima papo kwa papo. Mchanga unapoteremka kumwelekea mchimbaji, chembe kubwa hutangulia kubingirika hadi alipo, naye huzitupa nje. Chembe ndogo hubaki juu ya kuta. Kwa hiyo anapomaliza, shimo lina kuta zilizotandazwa vumbi laini, na changarawe zote ziko nje ya ukingo. Hakuna aliyemchekechea mchanga huo; ni njia ya kuchimba ndiyo iliyouchekecha.

Mwinamo wa kuta nao una hesabu yake. Mchanga mkavu una kiwango cha mwinamo ambacho ukikipita lazima uporomoke. Shimo la simba-sisimizi hukaribia kiwango hicho, kama walivyoonyesha Arnold Fertin na Jérôme Casas wa Ufaransa katika vipimo walivyochapisha mwaka 2006. Ukuta unasimama kwa taabu. Ukiongezewa uzito wa sisimizi mmoja, unateremka naye. Kungekuwa na mteremko mdogo zaidi, sisimizi angetembea akatoka. Ungekuwa mkali zaidi, shimo lingejifukia kabla ya kupata mgeni.

Pwani yetu hakuna anayemwita mvuvi wa dema mvivu. Tunajua kwamba kabla dema halijalala chini ya maji palikuwa na kukata fito, kusuka matundu kwa kipimo cha samaki, kuchagua mwamba, na kusoma bamvua na maji mafu. Dema likishazama, mvuvi hana la kuonyesha ila subira, na sisi tunaihesabu subira ile kuwa sehemu ya kazi. Kwa nini hesabu hiyohiyo ikifika mchangani tunaigeuza?

Tena dema halimrushii samaki kitu. Simba-sisimizi humrushia sisimizi. Hapa ndipo hadithi ya "anangoja aanguke" inapovunjika kabisa, na yeyote mwenye muda anaweza kujionea. Sisimizi anapokanyaga ukingo, ukuta unateleza chini ya miguu yake, lakini mara nyingi hafiki chini. Ana miguu sita na haraka ya kuokoa roho. Anakwea, anateleza, anakwea tena, na akiachwa anaweza kutoka. Chini mchanga unatetemeka. Kichwa kinafyatuka na kutupa mchanga juu, upande ule aliko sisimizi, mara moja, mara mbili, mara tano. Chembe nyingine zinampiga, nyingine zinaanguka chini yake na kuufanya ukuta mzima ushuke. Akifika katikati, taya mbili zilizopinda zinafumba ubavuni mwake na kumvuta ndani ya mchanga. Baadaye, ganda lililokauka linarushwa nje, na ukuta ulioharibika unatengenezwa upya kabla ya mgeni mwingine.

Mrushaji huyo haoni kwa macho alichokilenga. Dušan Devetak wa Slovenia ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba buu wa spishi ya Euroleon nostras hupokea mitetemo inayosafiri katika mchanga, na Fertin na Casas waliendelea kueleza jinsi mitetemo hiyo inavyomwambia mdudu upande wa mawindo. Wala kurusha mchanga si ugunduzi wa jana. Réaumur wa Ufaransa aliwaandikia wasomaji wake habari za mabuu haya mwaka 1742. Charles Darwin, akiwa Australia mwezi Januari 1836, alijiinamia kwenye shimo la jamaa yao wa huko, akatazama nzi na kisha sisimizi wakiingia, na akaandika juu ya mchanga uliorushwa kumfuata sisimizi. Kwa karibu karne 3 jambo hili liko wazi kitabuni, na bado tunasimulia habari za mdudu anayekaa kinywa wazi.

Wapo watakaosema: sawa, anafanya kazi kidogo, lakini muda mwingi hafanyi lolote. Nawajibu kwa simba mwenyewe. Simba wa Serengeti hupumzika saa zipatazo 20 katika siku moja, naye tunamwita mfalme. Mapumziko yake tunayaita kuhifadhi nguvu. Ya mdudu tunayaita uvivu. Kama kipimo ni saa za kutembea, basi tukitumie kwa wote wawili. Na kama kipimo ni kulinganisha gharama na pato, basi tumsikilize David Griffiths, aliyechunguza wadudu hawa nchini Tanzania na katika miaka ya 1980 akachapisha makala zake, moja ikihusu hasa mizania ya gharama na faida ya kuchimba shimo. Kuchimba kuna bei. Kuhama kuna bei kubwa zaidi, maana anayehama anaacha shimo tayari, anajianika kwa maadui, na anaanza upya mahali asipopajua. Ukiijua bei hiyo, kukaa kwake hakutakushangaza.

Mwili wake wote umeandikwa kwa hesabu hiyo ya kubana matumizi. Taya zake ni mirija: zinachoma, zinapitisha sumu na vimeng'enya vya kuyeyusha nyama ndani ya mawindo, kisha zinafyonza. Hali kitu kigumu, na hivyo ana uchafu mdogo wa kutoa. Hata huo mdogo hautoi: utumbo wake wa kati umefungwa usiungane na wa nyuma, na uchafu wa maisha yote ya ubuu hukaa ndani mpaka atakapokuwa mdudu kamili mwenye mabawa. Hilo linaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, kutegemea chakula. Mirija ambayo wadudu wengine huitumia kutolea taka, kwake hufika wakati ikatoa hariri, naye huifuma pamoja na mchanga kuwa kijifuko cha duara cha kujibadilishia.

Sumu nayo imewashughulisha wanakemia. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Japani waliokuta katika mate ya Myrmeleon bore bakteria wanaotoa protini yenye uwezo wa kumpooza mende. Uchunguzi wa mwaka 2024 juu ya spishi nyingine, Euroleon nostras, ukaonyesha kwamba sumu ya huyo hutengenezwa na mdudu mwenyewe bila msaada wa bakteria. Wanasayansi wanabishana juu ya mate ya mdudu ambaye tumeshamaliza kumweleza kwa sentensi moja.

Sasa niingie kwenye shitaka la pili, lile la silika tupu. Hili ni zito zaidi, kwa sababu halitoki kwa wapita njia. Lilikaa muda mrefu hata kwa wataalamu. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Kujifunza, walisema, kuna faida kwa mnyama anayezunguka: nyuki lazima akumbuke ua lipi lina asali, panya lazima akumbuke njia ya ghala. Mnyama anayekaa mahali pamoja akingoja kitakachopita, ajifunze ili iweje? Mawindo hayaji kwa miadi.

Karen Hollis wa Mount Holyoke College, Marekani, na wenzake waliacha kubishana wakaenda kupima. Matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 2009. Kundi moja la mabuu lilipewa mtetemo mdogo mchangani, na mara baada ya mtetemo huo, chakula. Kundi jingine lilipata mitetemo na chakula vilevile, ila viwili hivyo havikufuatana. Mtetemo ulikuja wakati wake, chakula wakati wake. Kama buu ni mtambo, makundi mawili yasingetofautiana, kwa kuwa yalikula sawa. Yalitofautiana. Yale yaliyokuwa na dalili ya kutabiri chakula yalichimba mashimo bora, yakafyonza mawindo kwa ufanisi zaidi, na yakajivua ngozi mapema kuliko yale mengine. Mwaka 2011 wakarudi na matokeo mengine: mabuu yaliyojifunza yaliingia hatua ya pupa mapema zaidi, maana yake ni kwamba yalifupisha kipindi cha ubuu, ambacho ndicho kipindi cha hatari.

Mpinzani wangu atasema kwamba hayo ni ya maabara, na kwamba kujifunza mtetemo si kufikiri. La pili nalikubali mara moja. Simdai mdudu huyu falsafa. Wanaomwita mhandisi mwenye mipango nao wanakosea kwa upande wao, kwa kumvika joho la binadamu. Lakini la kwanza halisimami. Mchangani, sisimizi hutembea kwa njia zao, na hatua zao hutetemesha mchanga kabla hawajafika ukingoni. Buu anayejiweka tayari sekunde kadhaa kabla ana faida juu ya anayeshtukizwa. Maabara haikumbunia mdudu uwezo ambao hakuwa nao. Ilimwekea mazingira ya kuuonyesha. Na swali lililodhaniwa limefungwa, la "ajifunze ili iweje", limepata jibu: ajifunze ili akue upesi na atoke hatarini.

Hata kule kukakamaa kwake kiganjani, ambako ndiko kunakowafanya watu wamwone mfu, kumechunguzwa. Franks na wenzake walichapisha mwaka 2021 vipimo vya muda ambao mabuu ya Euroleon nostras hukaa bila kutikisika baada ya kushikwa. Aliyekaa muda mrefu zaidi alifikisha dakika 61. Muhimu kuliko rekodi hiyo ni kwamba muda huo hautabiriki: mmoja huamka upesi, mwingine hukawia, na ndege aliyemdondosha hana namna ya kujua angoje mpaka lini. Palipo na mabuu mengi jirani, ni nafuu kwa ndege kumwacha huyu aliyekauka akamtafute mwingine. Kwa hiyo kutotikisika nako ni silaha, tena iliyopimwa kwa saa.

Shitaka la tatu ni kwamba wote ni mamoja. Hili ndilo rahisi kulivunja, na ajabu ni kwamba ndilo linaloshikiliwa kwa nguvu zaidi. Familia ya Myrmeleontidae ina spishi zaidi ya 1,500 duniani, na wachimbaji wa mashimo ni sehemu ndogo tu yao. Wengi hawachimbi kabisa. Wapo wanaojifukia mchangani na kushambulia kutoka chini bila mtego wowote, wapo wa vumbi lililomo ndani ya mashina matupu ya miti, na wapo wa chini ya miamba. Kundi la Palpares, ambalo Afrika imejaliwa kwa wingi, lina mabuu makubwa yanayotembea huru ndani ya mchanga na kuvizia. Wakishakuwa kamili, baadhi yao wana mabawa ya madoa yanayopita sentimita 12 yakitandazwa. Katika jangwa la Namib kuna Cueta trivirgata, mchimbaji anayeishi kwenye mchanga ambao jua la mchana linaufanya usikanyagike. Kuwaweka hawa wote katika kapu moja la "wachimba vishimo" ni sawa na kusema ndege wote huogelea kwa sababu umewahi kuona bata.

Tena shimo la faneli si mali ya familia hii peke yake. Kuna nzi wa familia ya Vermileonidae ambao mabuu yao, yasiyo na miguu, huchimba mashimo yaleyale na kurusha mchanga vilevile. Ukoo wa nzi na ukoo wa simba-sisimizi ulitengana zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. William Morton Wheeler aliwaandikia wote wawili kitabu kizima mwaka 1930. Na jambo hili linatuhusu sisi: jenasi ya Alhajarmyia, yenye kubeba jina la milima ya Al Hajar ya Oman, ina spishi ya Kenya iliyoelezwa kisayansi mwaka 2015 tu. Kama viumbe wasio na udugu wa karibu wamefika kwenye mbinu moja kila mmoja kwa njia yake, basi mbinu hiyo ina thamani ambayo neno "uvivu" haliwezi kuieleza. Na kama nzi huyo aliweza kusubiri hadi 2015 kupata jina, sababu mojawapo ni kwamba tulikwisha amua hakuna jipya mchangani.

Hata utu uzima wake tumemnyang'anya. Usiku, taa ya barazani huvuta mdudu mwembamba mwenye mabawa marefu ya wavu, na watu husema ni kereng'ende. Siye. Kereng'ende huruka mchana kwa nguvu, vipapasio vyake ni vifupi kama unywele, na watoto wake hukulia majini. Huyu hupepea kwa udhaifu, ana vipapasio vinavyonenepa mwishoni, na akitua hufunika mwili kwa mabawa kama paa la nyumba. Ataishi wiki chache tu, baada ya miaka ya mchangani.

Nimeambiwa kwamba kubishania mdudu wa sentimita moja ni kupoteza wino. Naona kinyume chake. Mtoto anayefundishwa kwamba kiumbe asiyekimbia hana la kuonyesha, hataketi kutazama. Na asiyeketi hatapima. Na asiyepima atabaki kukariri vipimo vya watu wa Uingereza, Ufaransa na Slovenia juu ya mdudu aliye chini ya upenu wa darasa lake. Ndiyo maana sikubali jibu la "silika" lipewe alama kamili kwenye karatasi ya mtihani, kana kwamba kulitaja neno ni kueleza jambo.

Tena majaribio haya hayataki fedha. Beseni la mchanga mkavu uliochekechwa, buu mmoja, sisimizi kadhaa, rula na saa ya ukutani vinatosha kupima kipenyo cha shimo kabla na baada ya chakula, kuhesabu mirusho ya mchanga, kulinganisha mchanga laini na wa changarawe, hata kurudia lile jaribio la mtetemo na chakula kwa muhula mmoja. Shule yoyote ya kata yenye kiwanja cha vumbi inao wadudu wa kutosha. Anayeendelea kushikilia kwamba huyu ni mvivu, mjinga, na ni yuleyule mmoja kila mahali, basi na aje na vipimo vyake, tuviweke mezani pamoja na hivi.